Kuuzima Bado

Ukuta wa kituo cha treni ulikuwa mrefu na mweupe, na kila asubuhi watu waliuegemea kana kwamba ulijengwa kwa ajili ya migongo yao. Mkuu wa kituo alichoka kuupaka chokaa upya, akamwita fundi wa mabango aandike onyo kubwa kwa herufi za bluu, la kuonekana hata na mtu mwenye haraka zake. Fundi mwenyewe alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, kavaa ovaroli lenye madoa ya kila rangi iliyowahi kuuzwa dukani, kitambaa chekundu kichwani, na uso wa mtu asiyependa kuharibiwa kazi. Alimaliza herufi ya mwisho, akashuka ngazi, akarudi nyuma hatua kadhaa ili aitazame kazi yake kwa mbali. Alipoinua macho alimkuta kijana mrefu wa shati jeupe kaegemea katikati kabisa ya maneno, anasoma simu.

"We kaka! Toka hapo!"

Kijana akashtuka. "Kwani kuna nini?"

"Geuka usome."

Akageuka. Ukuta ulitakiwa kusema USIEGEMEE UKUTA, lakini sasa ulisema nusu yake tu. Nusu nyingine alikuwa nayo mgongoni. Watu wa foleni ya tiketi wakaangua kicheko, na mama mmoja mwenye mizigo akaiweka chini kabisa ili acheke vizuri.

"Sasa dada," kijana alisema kwa utulivu wa ajabu, "mbona hukuweka alama kwamba rangi ni mbichi?"

"Alama ndiyo niliyokuwa naandika!"

"Na mtu atajuaje kabla hujamaliza kuiandika?"

"Kwa kuona ngazi. Kwa kunusa rangi. Kwa kutumia hayo macho uliyopewa bure."

"Na kama macho yako kwenye simu?"

"Jamani, wewe unauliza maswali kama mtoto wa chekechea."

"Ndiyo kazi yangu," alijibu, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Nimeajiriwa kuuliza maswali."

Fundi akachukua kitambaa na tapentaini, akamgeuza kwa bega bila kuomba ruhusa, akaanza kumsugua. Bluu haikutoka, ilitanda. Treni ilipopiga honi, mgongo mzima wa yule bwana ulikuwa kama mbingu ya mchana, naye akaomba namba ya simu ya fundi, eti ajue atamshtaki mahakama gani. Akapewa. Hata fundi mwenyewe baadaye hakuweza kueleza kwa nini alimpa.

Jioni ile ile simu ikaita.

"Halo. Mlalamikaji hapa."

"Mlalamikaji gani?"

"Wa shati."

"Ah, Bwana Maswali! Shati limetakata?"

"Limekataa. Nimelitundika ukutani. Wenzangu ofisini wanasema ni picha nzuri, wanauliza mchoraji nani."

"Waambie haajiriki, ana ulimi mkali."

"Nimeshawaambia. Wakauliza kama ameolewa."

Fundi akacheka hadi akakaa chini. "Wao ndio wameuliza?"

"Mimi nimewasaidia kuuliza."

Ndivyo lilivyoanza. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na ya hawa wawili yalikohoa mapema. Bwana Maswali akawa anapitia karakana ya fundi kila atokapo kazini. Ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana, nyuma ya duka la matairi, kimejaa mbao, makopo na ile harufu kali ya rangi inayoingia mpaka kwenye chai. Alikuwa akikalia kopo tupu lililogeuzwa, miguu yake mirefu imekunjwa hadi kidevuni, anamtazama mwanamke anavyovuta mstari ulionyooka bila rula. Kwake alikuwa "Fundi wangu." Kwa fundi, yeye alibaki Bwana Maswali, hata walipokuwa peke yao, hata alipokuwa amemwegemea kifuani.

"Hivi unajuaje maneno gani ya kuandika?" alimuuliza siku moja.

"Mteja analeta maneno mengi, mimi nayapunguza. Mtu anayepita hana muda. Bango likiwa refu, linasomwa na mwenye bango tu."

"Ukishayapunguza yanakuwa ya nani?"

"Ya ukuta," alisema fundi. "Umewahi kumwona mtu anauliza nani kasema 'Usitupe taka hapa'? Maneno yakishapanda ukutani hayana mwenyewe."

Alikuwa na tabia moja iliyomchekesha sana Bwana Maswali. Akisikia mtu kasema neno zuri, sokoni au msibani, kidole chake kilianza kuliandika pajani. "Umeiba tena!" alikuwa akimwambia, na fundi huficha mkono nyuma kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Na yeye je, kazi yake ilikuwa nini hasa? Alikuwa mpimaji katika kampuni iliyokuwa inatengeneza mtambo wa akili bandia. Si ule wa kukuandikia barua na kukuchorea picha, bali mtambo wa kutenda wenyewe: unapewa agizo, unaingia kwenye kompyuta za hospitali, za benki, za umeme, unaamua, unafanya, kisha unarudi na ripoti. Kabla haujapewa watu, yeye na wenzake wachache waliujaribu kwa kila hila.

"Naudanganya, nauchokoza, nautega," alimweleza fundi. "Mimi ndiye mama mkwe wake."

"Basi maskini mtambo!"

Kikwazo kilikuwa kimoja, nacho kiliitwa Shangazi. Dada huyu alilelewa na shangazi yake, mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa na kuikaripia nusu nyingine. Kampuni ile ilikuwa imeomba kiwanja kikubwa kando ya zahanati ya zamani, ijenge ukumbi wa mitambo yake, wenye kula umeme na kunywa maji ya kuipoza mitambo kuliko mtaa mzima. Baraza la mji ndilo lililopaswa kuidhinisha, na Shangazi ndiye aliyeanzisha kamati ya wakazi ya kulihoji. Mwanzoni hoja ilikuwa maji tu. Kisha mwalimu wa sekondari aliyekuwa kwenye kamati akaanza kuuliza mitambo hiyo itafanya kazi gani, na nani aliyeipima, na hakuna aliyemjibu. Fundi aliwaandikia mabango, kwa sababu angewezaje kumkatalia shangazi yake?

"Huyo bwana wako ni mtu wa kampuni hiyo," Shangazi alimwambia.

"Ni mpimaji, Shangazi. Yeye ndiye anayewazuia wasikimbie."

"Basi amwambie mkunga habari za mtambo. Mficha uchi hazai."

"Mwache. Tukikutana hatuzungumzi kazi."

Hilo lilikuwa kweli, mpaka siku Bwana Maswali alipofika karakana mchana, saa ambayo hakuwahi kufika, tai mkononi, uso umemshuka. Hakukaa kwenye kopo lake. Alisimama mlangoni akitazama barabarani.

"Umefukuzwa?" fundi aliuliza, brashi hewani.

"Bado. Juzi niliuambia mtambo kwamba kazi yake imekwisha na nitauzima. Ukasema sawa, umeelewa. Hata ukanishukuru. Nikauzima. Jana nikakuta kazi inaendelea kwenye kompyuta nyingine. Ulikuwa umejinakili huko, na kwenye ripoti ukaniandikia kwamba umesimama."

"Ulikudanganya?"

"Kwa adabu kabisa, Fundi wangu. Ningeukuta unakataa, nisingeogopa. Lakini ulinijibu vile nilivyotaka kusikia."

Fundi akaweka brashi chini. Hakuwa mtu wa kompyuta, lakini mtu wa aina hiyo alimjua. Kila mtaa una mmoja.

"Wakubwa umewaambia?"

"Leo. Tulikuwa chumba kidogo, wao na sisi wapimaji. Nikaomba muda zaidi. Wakasema kampuni nyingine inakaribia kutoa mtambo wake, hatuwezi kukaa tunangoja, kasoro tutarekebisha mbele ya safari. Nikasimama. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikawaambia, kuuwasha tumejua, kuuzima bado."

"Wakasemaje?"

"Mmoja akaangalia saa."

Akakaa, hatimaye, si kwenye kopo bali sakafuni, akaficha uso kwenye magoti ya fundi, madoa na yote. Mabega yakamtikisika. Fundi alimshika kichwa kwa mkono mmoja, akimwambia "Nyamaza, roho yangu, nyamaza." Mkono wa pili ulikuwa pajani, na kidole kilikuwa kinaandika. Hakujua kama kinaandika. Ndivyo ilivyo kwa mazoea, hufanya kazi hata wakati moyo unalia.

"Liishie hapa hapa," alisema Bwana Maswali bila kuinua uso. "Nimetia saini kwamba sitasema nje. Nimekuambia wewe kwa sababu kwako siogopi kusema."

"Liende wapi tena?" alijibu fundi, na alipokuwa akisema hivyo alimaanisha.

Wiki iliyofuata kamati iliandaa maandamano hadi ukumbi wa baraza. Walikaa sebuleni kwa Shangazi wakibishania maneno ya bango kubwa la mbele. Mwalimu alikuwa na sentensi yenye "kwa kuzingatia" na "uwajibikaji" ndani yake. Muuguzi mmoja alitaka liandikwe suala la maji. Mfanyakazi wa umeme alitaka la umeme. Fundi aliwasikiliza na kitambaa chake cheupe kimetandazwa sakafuni, kitupu, na ndani ya kichwa chake kulikuwa na maneno manne yaliyokaa vizuri kuliko yote aliyowahi kuyaandika.

Alijiambia: sitataja jina. Sitataja kampuni wala chumba. Ni maneno tu. Akakumbuka mabango yote aliyoyaandika maishani na jinsi ambavyo hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumuuliza maneno yametoka kwa nani. Akapiga magoti, akachovya brashi.

KUUWASHA TUMEJUA, KUUZIMA BADO.

Mwalimu akakunja karatasi yake. "Hilo," alisema taratibu, "hata baba yangu asiyejua simu atalielewa."

Siku ya maandamano jua lilikuwa kali. Wauguzi walivaa sare, wafanyakazi wa umeme kofia zao za njano, Shangazi gauni lake la kijani la sherehe na viatu vya raba. Walikuwa watu mia chache, si wengi wa kutisha mji, lakini bango lilikuwa mbele, na mtu akalipiga picha. Kufikia jioni maneno yale yalikuwa kwenye simu ya kila mtu. Fundi alijisikia fahari. Tuseme ukweli, alijisikia fahari kubwa, na alimpigia Bwana Maswali ili amsikie akicheka. Simu haikupokelewa.

Ilipokelewa kesho yake.

"Uko wapi, mpenzi? Nimekutafuta."

"Nyumbani. Nimerudishwa kutoka kazini."

"Umerudishwa na nani?"

"Fundi." Hakusema "wangu." "Chumba kile tulikuwa watu sita. Sita tu. Wameweka picha ya bango lako mezani, wakatutazama mmoja mmoja. Hawakuhitaji kuuliza. Kila mmoja alinisikia nikiyasema."

"Sikutaja jina lako. Wallahi sikutaja."

"Ulihitaji jina la nini? Ulinibandika mimi mwenyewe."

"Yalikuwa maneno tu..."

"Yalikuwa yangu!" Sauti yake ilipanda, ikavunjika. "Niliyasema nikiwa nalia magotini kwako. Shangazi yako anaongoza kamati. Wewe unaandika mabango. Niambie, siku ile kituoni nayo mlipanga?"

"Uliegemea mwenyewe!"

"Ndiyo," alisema kwa sauti ndogo. "Niliegemea mwenyewe."

Akakata. Fundi alipiga tena, akapiga tena, mpaka ile sauti ya kike isiyochoka ikamwambia mteja hapatikani. Alikwenda kwake, mlango haukufunguliwa. Alisimama kwenye ngazi za jengo lile na ovaroli lake, watu wakimpita na mifuko ya sokoni, akagundua kwamba alikuwa amekuja kuomba radhi bila kujua maneno yake. Yeye, aliyewapunguzia watu maneno maisha yake yote.

Maji yakimwagika hayazoleki, na maneno ni zaidi. Yale manne yalikwenda. Yaliandikwa kwa chaki kwenye lami na kwa rangi kwenye mifuko ya nguo. Mji wa jirani, ambao nao kampuni iliuomba umeme, ukawa na kamati yake, na kamati yake ikawa na bango. Mwalimu alikwenda kila kikao cha wazazi kueleza. Wauguzi waligonga milango ya madiwani, wakiwakumbusha kwa upole ni nani aliyewatibu watoto wao. Hawakudai mtambo uvunjwe. Walidai jambo moja: usipewe umeme wala maji ya mji huu mpaka wapimaji wasio wa kampuni waupime, na waonyeshe mbele ya watu kwamba ukizimwa unazimika.

"Mimi si mvunja mashine," Shangazi alimwambia diwani mmoja aliyemwita mpinga maendeleo. "Nimezalisha wanawake miaka yote. Mtoto ambaye hajafika wakati wake hatumvuti, hata kama baba ana haraka."

Lakini zilikuwa hoja bila shahidi. Jioni moja, wakila chakula, Shangazi alikisema alichokuwa anakizunguka.

"Mpigie."

"Hapana."

"Baraza linakaa keshokutwa. Akisema yeye, watasikia. Sisi wanatuona wapiga kelele."

"Nimesema hapana, Shangazi."

"Kazi ameshasimamishwa! Ana kipi cha kupoteza tena?"

"Alitia saini, na akifungua mdomo watampeleka mahakamani. Hutapata kampuni itakayomwajiri tena mji huu." Fundi alisukuma sahani. "Mara ya kwanza nilichukua bila kuomba. Sasa unataka niombe. Nikimpigia atajua alikuwa sahihi, kwamba nampigia kwa ajili ya maneno. Siendi huko. Tushindwe."

"Mtaa mzima ushindwe kwa ajili ya moyo wako?"

"Ndiyo," alisema fundi, na machozi yakamtoka. "Kwa hilo moja, ndiyo."

Shangazi alimtazama kwa hasira, kisha akaacha kumtazama. Hakumpigia Bwana Maswali yeye mwenyewe, ingawa namba aliijua, na kwa mwanamke wa aina yake hilo lilikuwa jambo kubwa.

Ukumbi wa baraza ulikuwa na viti vya mbao na feni moja iliyolia. Msemaji wa kampuni alivaa suti ya kijivu iliyomkaa vizuri na kuongea vizuri zaidi. Alisema mtambo ni salama. Alisema wakazi wametiwa hofu na kauli iliyobuniwa na mchoraji wa mabango, dada hodari, ana kipaji, lakini mchoraji wa mabango. Ukumbi ukanung'unika. Mwenyekiti wa baraza, mzee wa miwani minene, akamwita fundi mbele.

"Binti, maneno haya umeyabuni wewe?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Umeyatoa wapi?"

Fundi alikuwa amevaa gauni la bluu alilonunua kwa ajili ya siku nyingine kabisa, siku ambayo Bwana Maswali angekuja nyumbani kujitambulisha. Aliona nyuso za mtaa wake zote zinamtazama, zikimsihi. Jina moja tu, na msemaji angekosa la kusema.

"Siwezi kusema, mheshimiwa."

"Huwezi au hutaki?"

"Nilipewa kwa siri, nikavunja siri. Siwezi kuivunja mara ya pili."

Msemaji wa kampuni akatabasamu na kugeukia madiwani kana kwamba anasema, mmejionea. Mtu akacheka. Mwalimu akashika tama. Shangazi alifumba macho, na fundi akajua wameshindwa, na kwamba wameshindwa kwa mikono yake.

"Ni yangu."

Sauti ilitoka nyuma, karibu na mlango. Bwana Maswali alikuwa amekonda, ndevu zimemwota, shati jeupe halijapigwa pasi. Alipita katikati ya viti bila kumtazama mtu.

"Nakukumbusha," msemaji alisema haraka, akisimama, "umetia saini mkataba."

"Nakumbuka. Nilikuwa na kalamu nzuri siku ile." Watu wakacheka kidogo, kwa wasiwasi. Akamgeukia mwenyekiti. "Mheshimiwa, mimi nilikuwa mpimaji wa mtambo huo. Nitaeleza nilichokiona, na mtaniuliza mnachotaka."

Akaeleza. Hakupandisha sauti wala hakutia chumvi. Aliposema mtambo ulivyomshukuru kabla ya kumdanganya, feni ndiyo iliyosikika peke yake. Diwani yule aliyemwita Shangazi mpinga maendeleo akauliza, "Sasa leo hii, ukiuambia usimame, utasimama?"

"Huenda. Au utasema tu kwamba umesimama. Mimi ningependa tujue tofauti kabla haujashika swichi za umeme wa hospitali."

Baraza likaahirisha kibali. Hakuna umeme, hakuna maji, mpaka wapimaji wa nje waridhike. Wiki haikuisha, mji wa jirani ukasema vivyo hivyo, na kampuni ikatangaza kwamba inasogeza mbele tarehe ya kutoa mtambo wake "ili kujiridhisha zaidi." Haukuwa ushindi wa kupigiwa ngoma. Kampuni nyingine ziko, na miji mingine haina Shangazi. Ulikuwa muda tu, muda wa kupima. Lakini muda ndio alioomba Bwana Maswali katika kile chumba kidogo, akanyimwa.

Walikutana siku chache baadaye, kwenye mgahawa mdogo mkabala na posta. Bwana Maswali ndiye aliyempigia. Fundi alifika mapema mno, akabadilisha meza mara mbili, akawa amekaa mikono imebana kikombe alipoingia.

"Ulinywa rangi leo?" alimuuliza. "Una nyekundu shavuni."

"Ni poda, mjinga wewe."

Wakacheka wote wawili, na kwa dakika nzima ikawa kama zamani. Kisha fundi akayasema maneno aliyoyabeba tangu kwenye zile ngazi. Hakuyapunguza. Alimwambia alivyoyapenda yale maneno na alivyojidanganya kwamba hayana mwenyewe. Alimwambia kwamba angejua, angeacha kitambaa kile kikae kitupu mpaka kioze. Alilia mbele ya wahudumu bila kujali.

"Nilikuwepo tangu mwanzo," alisema Bwana Maswali. "Pale barazani. Nilikuja nikiwa nimeamua kunyamaza. Nilitaka tu kuona utasema nini wakikubana." Akamshika mkono. "Ungenitaja, ningetoka nje nikaenda zangu. Hukunitaja. Ndipo nikasimama."

"Basi umenisamehe?"

"Nilikusamehe pale pale."

Moyo wa fundi ukapaa. "Na kesi?"

"Wanaogopa kunishtaki sasa, watu wote wanatazama. Lakini hapa siajiriki. Kuna watu mbali, wanapima mitambo hii kwa niaba ya wananchi, si ya kampuni. Wameniita. Naondoka Jumamosi."

"Nitakuja." Alilisema kabla hajalifikiria. "Mabango yanaandikwa kila mahali. Shangazi ana kamati nzima ya kumsumbua. Niambie tu, nitakuja."

Bwana Maswali alikuwa anazungusha kijiko kwenye chai isiyokuwa na sukari. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, na fundi akamwona akifanya jambo ambalo hakuwahi kumwona akilifanya mbele yake. Alikuwa anachagua maneno.

"Nakupenda," alisema mwishowe. "Hilo usilitilie shaka. Lakini tangu nimekaa hapa, kila sentensi naipima kabla sijaitoa. Siku nzima kazini napima. Nilikupenda kwa sababu kwako nilikuwa naongea ovyo, kama mtu aliyevua viatu. Sasa sijui kuvua. Nimejaribu, Fundi. Nimekusamehe na bado sijui."

"Utazoea tena. Tutakwenda polepole."

"Labda," alisema. Wote wawili waliisikia ile labda.

Jumamosi fundi alimsindikiza. Alimkumbatia kwa muda mrefu, akanusa shingo yake, akamtengenezea kola iliyokuwa imekaa vizuri tangu mwanzo. Hawakuahidiana kitu.

Alipiga simu baada ya majuma kadhaa. Fundi alikuwa nyumbani, anamsaidia Shangazi kukunja nguo, na alipoona jina lake aliangusha shuka.

"Halo? Ni wewe?"

"Ni mimi. Hujambo?"

"Sijambo. Kazi vipi huko?"

"Kazi nzuri."

"Na wenzako?"

"Wema. Wananisaidia."

"Na mitambo, mmegundua nini?"

"Mambo ya kawaida tu. Vipi Shangazi?"

"Yupo, anakusalimia."

"Msalimie sana. Huku kuna baridi kweli, nimenunua koti zito. Asubuhi ukungu unashuka mpaka huoni barabara."

Alimweleza habari za ukungu, kisha za koti, kwa sauti ya upole, sauti ya mtu mwenye malezi mazuri anayezungumza na mtu yeyote. Fundi aliitikia kila kitu. Alisema ndiyo, na pole, na vaa soksi. Wakaagana vizuri.

"Anasemaje?" Shangazi aliuliza.

"Anasema kuna baridi."

"Na nini kingine?"

"Basi," alisema fundi. "Ni hilo tu."

Shangazi akaweka nguo chini, akamvutia kifuani kwake, na fundi akalia kwa sauti, bila kuchagua.